Goti, Mrija na Harusi ya Kibibi

Jumatatu, 4 Novemba

Nimeamka. Goti jipya limeingia! Silioni, limefungwa bandeji nene mpaka pajani, na kutoka kiunoni kwenda chini sihisi kitu kwa sababu ya ile sindano ya mgongoni. Nimejifinya paja. Kimya. Nimelifinya tena, safari hii kwa hasira. Kimya vilevile.

Naandika ili mambo yabaki. Miaka ishirini na miwili nilikuwa karani wa mizani kwenye ghala la korosho kule Newala, na siku isiyoandikwa kwangu ni siku iliyopotea.

Hali iko hivi. Jumamosi hii anaolewa Kibibi, mtoto wa marehemu dada yangu Somoe. Ndoa ya dini anaisimamia baba yake, hilo sina ubishi nalo. Lakini kwetu binti havuki kizingiti mpaka mjomba wake asimame mlangoni kwa miguu yake mwenyewe na kutoa neno. Asimame! Akitoa neno amekaa, ni kama hakulitoa. Somoe alinishika mkono siku zake za mwisho, akaniambia mlango huo nisimwachie mtu mwingine, na maneno ya kusema hapo akanipa yeye mwenyewe. Nikaahidi. Nimeahidi vitu vingi maishani, lakini hicho sikukichezea.

Tatizo ni shemeji yangu Sultani, baba yake Kibibi. Anasema siku hizi mambo ya wajomba yamepitwa, baba yupo, baba atasimama. Kwa goti langu la zamani nilikuwa siwezi kusimama hata dakika mbili, na yeye alijua. Madaktari bingwa walipotangaza kambi ya magoti katika hospitali hii ya huku bondeni, njia ya Masasi, nikawa wa kwanza kujiandikisha. Siku ya pili naye kajiandikisha! Eti naye goti linamsumbua. Sasa yuko kitanda cha jirani. Mimi nimepasuliwa la kushoto, yeye la kulia. Lazima aige.

Daktari amesema mambo yakienda sawa mrija utatoka Jumatano, nyumbani Ijumaa. Mrija wenyewe unatoka gotini na kuingia kwenye kopo la plastiki linalobonyea, limening'inia ubavuni mwa kitanda. Linavuta damu inayobaki ndani ya kidonda. Sista Oliva, muuguzi wa wodi, ametueleza taratibu: kopo likae chini kuliko goti, mrija usikunjwe, kizibo kisifunguliwe na mtu mwingine ila yeye. Kila linapopimwa ataandika mililita ukutani. Damu ikipungua na kupauka, mrija unatolewa.

Mililita! Ukutani! Mtu wa mizani kama mimi! Hii kazi imekwisha kabla haijaanza.

Jumanne, 5 Novemba

Ganzi imeisha. Sasa goti nalihisi vizuri, kupita kiasi. Nimemwambia Sista Oliva siumwi kabisa, maana Sultani alikuwa ametega sikio. Baadaye nimemwita kwa ishara aniletee dawa.

Saa kumi na mbili asubuhi makopo yamepimwa. Mimi mia tatu na kumi. Sultani mia mbili na arobaini. Sultani kauliza kwa sauti ya kusikika mpaka dirishani kama ndogo ndiyo nzuri. Sista kasema ndiyo. Sultani kajilaza chali, katazama dari, katabasamu. Mtu gani huyu!

Kisha akaja Khalidi, kijana wa mazoezi ya viungo. Anataka tupandishe na kushusha vidole vya miguu, tukaze paja, tulegeze, mara kumi kila saa, ili damu isigande miguuni. Mazoezi ya watoto wachanga. Nimefanya Khalidi alipokuwa ananitazama. Sultani anafanya hata asipotazamwa, anahesabu kwa sauti kama yuko madrasa.

Halafu kusimama na woka, ile fremu ya miguu minne. Sultani alipiga hatua nne. Khalidi akaniambia mimi tatu zinatosha kwa leo. Nikapiga saba! Ya nane sikuiona. Dunia ilizunguka, na nilipopata fahamu nilikuwa nimelala juu ya kitanda cha Sultani, mwenyewe yuko chini yangu analalamika nimelalia mrija wake. Hata hivyo saba ni saba.

Mchana nimepata akili. Mrija ukikunjwa, damu haiji. Damu isipokuja, kipimo kinashuka. Kipimo kikishuka, mrija unatoka. Hesabu safi! Nimechomoa uzi kwenye kikoi changu, nimekunja mrija mara mbili, nimeufunga, nimeuficha chini ya paja. Nikalala usingizi wa mtu asiye na deni.

Saa kumi na mbili jioni. Kipimo: mililita tano. Nikangoja pongezi.

Sista hakupongeza. Kasema kutoka mia tatu kwenda tano si kupona, ni kuziba. Kafunua shuka. Goti lilikuwa limevimba kama papai. Kauvuta uzi, na damu ikateremka yote kwa pamoja, mia moja na themanini, nami naisikiliza inavyodondoka. Daktari kaitwa. Nimeelezwa kwamba damu ikikosa njia inabaki ndani, inabana goti, na kidonda kinaweza kufumuka. Nimesema mrija ulijikunja wenyewe. Sista kauliza kama ulijifunga uzi wenyewe pia.

Sultani kaufunika uso kwa mto. Mto ulikuwa unatikisika.

Jumatano, 6 Novemba

Sultani katolewa mrija asubuhi. Alipiga ukelele mmoja. Nauandika hapa kwa kumbukumbu.

Wangu unabaki. Usiku umeleta mia moja na ishirini, bado nyekundu. Daktari anataka kuona chini ya hamsini na rangi iliyopauka, ndipo autoe kesho. Sawa. Sasa nimeelewa kosa la jana. Pale ghalani karani aliyepunguza kilo zote alikamatwa siku hiyohiyo. Anayejua kazi haiui mizani, anaipapasa. Kinachotakiwa si kopo tupu. Ni arobaini hivi, yenye rangi ya kupendeza.

Na rangi ikajileta! Mke wangu, Mama Stamili, kateremka na gari la asubuhi kutoka Newala. Kaja na ugali wa muhogo, habari za harusi (kwetu maji ni ya shida, ila mapipa sita yamejaa, mawili kati yake yamepatikana kwa ugomvi), na chupa ya juisi ya mabibo, yale matunda ya mkorosho, aliyoikamua jana jioni. Kasisitiza niinywe leo hii hii. Nikaitazama kwenye mwanga wa dirisha. Imepauka, ina unjano, ina ukungu kidogo. Nikamshukuru sana, mpaka akaniuliza nina nini.

Baada ya chakula cha mchana. Sultani anakoroma, Sista yuko mwisho wa wodi. Nikafungua kizibo. Nyekundu yote nikaimwaga kwenye chupa ya mkojo. Nikamimina mabibo mpaka mstari wa arobaini, nikalibonyeza kopo kama nilivyomwona Sista akifanya, nikafunga. Ningekuwa mkaguzi ningejipa cheti.

Jambo moja dogo lilinipita. Joto. Kila mtu aliyezaliwa juu ya uwanda wetu anajua juisi ya mabibo ikilala siku moja inakuwa nini, na ikipigwa na jua la dirishani inakuwa nini zaidi. Inakuwa ulaka, pombe kamili. Mimi sijawahi kuonja, ila jirani wote wanakunywa, nilipaswa kukumbuka.

Saa tisa daktari bingwa kapita na wenzake. Kopo linalotakiwa kuwa limebonyea lilikuwa limetuna, lina mimba ya miezi tisa. Daktari kainama kulitazama. Kainama zaidi. Po! Kizibo kikaruka, povu likafuata, miwani ya daktari ikawa haina kazi tena.

Na harufu! Wodi nzima ni watu wa Newala na Masasi. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Mzee wa kitanda cha mwisho kauliza kama leo ulaka unagawiwa na kama utafika huko kwake. Sista Oliva, naye mzaliwa wa Newala, kanusa mara moja tu na kulitaja jina. Sultani kaketi kitandani na kutangaza kwamba shemeji yake ni mswalihina wa miaka yote, ila goti lake linakunywa.

Watu wamecheka mpaka wenye nyuzi tumboni wameomba msamaha.

Daktari hakucheka. Kafuta miwani, kavuta kiti, kaniambia kwa upole, na upole huo ndio ulionitisha. Goti la bandia likiingiwa na wadudu haliponi kwa vidonge. Linatolewa lote, mtu anabaki bila la zamani wala jipya. Mrija kautoa palepale (sikupiga ukelele, Sultani anasema nilipiga). Sindano za kwenye mshipa siku tano. Ijumaa siendi popote. Labda Jumatatu.

Jumatatu! Harusi ni Jumamosi.

Nimegeukia ukutani. Nilikuwa nimepanga kuandika maneno makali juu ya Sultani lakini hayakuja. Nimemkumbuka Somoe na mkono wake mkavu. Roho imeniuma.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimeamka mzima. Mtu halali na huzuni siku mbili. Nimefikiri hivi: kama siwezi kutoka, basi Sultani naye asitoke. Baba hayupo, mjomba hayupo, mlango hauna mtu. Itabidi wasogeze harusi. Rahisi!

Sista alishatuambia kwamba shavu la mguu likiuma, likivimba au likiwa la moto, tuseme mara moja, maana huenda damu imeganda na inaweza kupanda kifuani. Nimemwita pembeni. Nimemnong'oneza kwamba shemeji yangu anagugumia usiku kucha, shavu la mguu linamuuma, ila ni mtu mwenye kiburi, anaficha. Nimeweka na chozi kidogo.

Wamekuja watatu. Wamembonyeza Sultani, wamemkunja, wamempima shavu la mguu kwa futi ya fundi cherehani. Mzima kabisa. Kisha Sista kasema wapime na langu ili walinganishe.

Langu limezidi kwa sentimita mbili.

Kauliza nafanya zoezi la vidole mara ngapi. Nikasema mara nyingi. Khalidi kaitwa, kasema hajawahi kuniona nikimaliza hata kumi. Bahati nzuri damu haijaganda, ni uvimbe wa uvivu tu, ndivyo walivyouita mbele ya watu. Sasa nachomwa sindano ya tumboni, na Khalidi ananisimamia asubuhi na jioni mpaka mia. Sultani anahesabu pamoja naye. Anaruka namba makusudi ili tuanze upya.

Baadaye, wodi ilipotulia, Sultani kanigeukia na kuniambia ahsante shemeji kwa kunijali, hakujua kama namwazia hivyo. Kasema Somoe alikuwa akimwambia kila siku kwamba mimi nina moyo mzuri ila nauficha.

Nilijifanya nimelala.

Ijumaa, 8 Novemba

Sultani karuhusiwa. Kavaa kanzu, kashika woka, kaaga wodi kitanda kwa kitanda kama anakwenda kuhiji. Kwangu kasimama muda. Kauliza ni maneno gani Somoe alitaka yasemwe mlangoni, ili ayaseme yeye kwa niaba yangu.

Nikasema nimesahau.

Sijasahau. Hata herufi moja. Akaitikia kwa kichwa, akaenda. Woka yake ilisikika mpaka nje, tap, tap, halafu basi.

Hapo ndipo likanijia wazo kubwa kuliko yote! Nimempigia simu Mama Stamili. Nimemwambia atangaze ukoo mzima: mjomba hajatoa neno. Yeyote atakayemvusha Kibibi kizingiti kesho amevunja mila, na mimi simo. Wasogeze mpaka Alhamisi ijayo. Mama Stamili kauliza kama dawa zimepanda kichwani. Watu sitini wameshafika, mbuzi wameshachinjwa, na yale maji ya mapipa sita yatapatikana tena wapi? Nimeshikilia. Kaniambia maneno mawili matatu ambayo siyaandiki, kakata.

Nikajua atapiga Sultani. Nilimwandalia majibu. Kapiga Kibibi.

Hakunilaumu. Kanipa shikamoo, kauliza nimekula nini, kauliza kama mazoezi nafanya. Nikasema marahaba, nimekula, nafanya. Halafu kasema, mjomba, mimi sitoki bila wewe, nimeshawaambia. Kakata simu.

Nimeshinda. Harusi imesimama kwa neno langu. Chakula cha jioni nimempa mzee wa kitanda cha mwisho.

Jumamosi, 9 Novemba

Asubuhi yote nimetazama simu. Haikulia. Nimefanya zoezi la vidole mpaka mia bila kusimamiwa, kwa kukosa la kufanya. Nilikuwa nawaza Kibibi amekaa chumbani na hina yake mkononi, watu sitini wanamnong'ona, na wa Chiungutwa, kwa akina bwana harusi, wamepanda gari wakarudi kwao. Yote hayo kwa sababu ya kikopo cha mabibo. Nikaanza kutunga simu ya kuwaambia waendelee. Namba sikuimaliza. Nilibonyeza tarakimu tano, nikaacha.

Saa nane. Honi. Nikadhani ni msiba unaletwa. Kisha ngoma, kisha vigelegele, ndani ya ua wa hospitali! Sista Oliva katoka mbio kwenda kuwanyamazisha. Karudi taratibu, kashika mdomo. Kasema wamejaa, Noah mbili, lori moja na bodaboda hazihesabiki, na wodini wataingia wanne tu.

Wa kwanza Sultani, na woka yake, kanzu imelowa jasho. Kaeleza mbele ya wodi nzima. Asubuhi wa Chiungutwa walifika, wakamkuta yeye kasimama mlangoni. Wakadhani anatoa neno. Akawaambia mwenye neno amelala hospitali huko bondeni, na njia ya kwao inapita hapohapo, kwa hiyo twendeni. Kibibi wamemtoa kwa mlango wa uani, kupitia jikoni, katikati ya masufuria, ili kizingiti cha mbele kisiguswe na mtu.

Wamenifuata mpaka huku. Mimi!

Sista kanipa dakika mbili. Nilikuwa nimeandika hotuba ya kurasa nne, ipo humu mwisho wa daftari, ina sehemu nzuri sana juu ya mchango wangu katika ukoo. Nikasimama kwenye mlango wa wodi. Goti likanibeba. Halikutetemeka hata kidogo, na mtoto akaja mbele yangu, kajifunika, katoa uso. Macho ni ya Somoe yaleyale.

Kurasa nne zikapotea. Nikasema ya Somoe tu: kwamba aende, aishi na watu vizuri, na siku akichoka arudi, mlango huu hatufungi. Basi. Kibibi nikamwita mama yangu, nikampisha apite.

Bwana harusi, Abdulazizi, kijana mrefu aliyekuwa ametokwa na jasho kuliko wote, kanishika mikono yote miwili kwanza, kisha kamshika Kibibi. Wodi ikalipuka kwa vigelegele, hata wanaume. Sultani alilia waziwazi. Mimi pia nililia, naandika kwa kuwa daftari hili ni langu peke yangu. Tulisimama pale, woka kwa woka, wazee wawili wenye goti moja moja. Sista katufuta machozi kwa pamba ya vidonda, kisha kasema dakika ni nne sasa, kitandani.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimeruhusiwa! Sindano zimekwisha, kidonda kikavu, joto hakuna. Naandika nikiwa kwenye benchi nje, Mama Stamili amekwenda kutafuta usafiri. Hajanisemesha tangu Ijumaa isipokuwa kuniuliza viatu viko wapi.

Nimepata nafasi ya kutafakari kwa utulivu, na ukweli hauna budi kuandikwa. Kila kitu kimekwenda kama nilivyopanga. Nisingekunja mrija na nisingetia mabibo, ningeruhusiwa Ijumaa, ningesimama kwenye kizingiti cha Newala mbele ya watu sitini. Badala yake nimesimama mbele ya ukoo, wakwe, wagonjwa, wauguzi na mpishi wa hospitali, na harusi nzima imesafiri kunifuata. Mjomba gani amewahi kufanyiwa hivyo? Na Sultani mwenyewe kanitangaza mlangoni kwa kinywa chake. Masikini, hakujua anatumika.

Sista Oliva kanipa maagizo ya nyumbani. Kidonda kisiguswe na maji (kwa Newala hilo si tatizo). Mazoezi kila siku. Mto nisiweke chini ya goti. Nyuzi zitatolewa tarehe 18 zahanati, si kabla, na si na mtu mwingine yeyote. Hilo la mwisho kalisema mara tatu, kila mara akinitazama machoni. Nimemwambia anaongea na mtu mzima.

Ila Sultani kapiga simu asubuhi kunijulia hali. Kaniambia kidonda chake kinapona haraka mno, huenda nyuzi zake zikatolewa tarehe 16.

Tarehe 16! Thubutu!

Ijumaa tarehe 15 Mama Stamili anakwenda Chiungutwa kumtembelea Kibibi, nyumba itakuwa yangu. Kwenye droo ya cherehani kuna mkasi mdogo, mkali, karibu mpya. Nyuzi ni ishirini na moja. Nitaanza na za juu.